Muuaji na Mwenye Muhuri: Jibu kwa Mwalimu wa Mafinga kuhusu Riwaya za Upelelezi

Mwalimu wa Kiswahili katika shule moja ya sekondari ya Mafinga ameniandikia kuhusu klabu ya usomaji anayoisimamia. Vijana wake wa kidato cha tano wamezama katika riwaya za upelelezi, na baadhi ya wazazi wamelalamika kwamba vitabu hivyo vinafundisha wizi na umwagaji damu. Mwalimu mwenzake, anayefundisha uraia, anaona kinyume chake, kwamba vingefaa kuwaonyesha vijana jinsi magenge ya uhalifu na ufisadi vinavyofanya kazi. Swali lenyewe ni hili: je, riwaya ya upelelezi inaweza kweli kutuonyesha uhalifu wa kupangwa ulivyo, au inatupa picha ya kubuni tu, tunayoifurahia kwa sababu mwishoni mbaya hukamatwa?

Mwalimu, jibu langu ni kwamba inaweza, ila si mahali ambapo wasomaji wengi huelekeza macho yao. Msomaji wa kawaida humtafuta muuaji. Anayetaka kuuelewa uhalifu wa kupangwa hana budi kumtafuta mtu mwingine, yule ambaye bila sahihi yake, muhuri wake, au kufumba kwake macho kwa usiku mmoja, kazi yote isingewezekana. Mtu huyo mara nyingi hajui hata kushika bastola. Riwaya inayomweka mahali anapoonekana ni darasa zuri. Inayomficha nayo ina la kufundisha, maana namna inavyomficha hutueleza wakati ilipoandikwa watu waliamini nini kuhusu chanzo cha uovu.

Sheria zetu zenyewe zinatambua kwamba kuna uhalifu ambao hauelezeki kwa kumtaja mtu mmoja. Tangu mwaka 1984 Tanzania ina sheria inayoshughulikia pamoja uhujumu uchumi na makosa ya kupangwa, na kesi za nyara za Serikali, yakiwemo meno ya tembo, huangukia humo. Mwizi wa kuku anaiba, anakimbia, na akikamatwa wizi wake umekwisha. Genge linaendelea baada ya mtu wake kukamatwa, kwa sababu kazi zimegawanywa, nafasi ya aliyekamatwa hujazwa, na juu ya wote yupo anayewakinga. Sasa jiulize ni riwaya za aina gani zinazoweza kuubeba uhalifu wa namna hiyo.

Zile za mwanzo katika lugha yetu hazikukusudia kuubeba. Muhammed Said Abdulla wa Zanzibar, ambaye Mzimu wa Watu wa Kale yake ilishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958 kisha ikachapishwa mwaka 1960, alituletea mpelelezi Bwana Msa mwenye kiko chake na rafiki yake Najum, jozi iliyochukua mfano kwa Sherlock Holmes na Watson. Ni kazi nzuri mno kwa Kiswahili chake, na mwanafunzi asiyeisoma amejinyima. Lakini uovu katika riwaya za mkondo huo ni maradhi ya nyumba moja: siri za ukoo, urithi, nasaba, wivu. Askari anaweza kuwa mzito wa kufikiri, ila kwa kawaida hajanunuliwa. Fumbo likishafumbuliwa, mji hurudia hali yake ya jana, na msomaji hapewi sababu ya kuuliza kama hali hiyo ya jana ilikuwa na kasoro.

Kisha akaja jasusi. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyeanza na Kufa na Kupona mwaka 1974, anapambana na mitandao hasa, yenye fedha, magari, nyumba za siri na watu katika miji mbalimbali ya Afrika. Hapo tayari tumeukaribia uhalifu wa kupangwa. Tofauti ni kwamba chimbuko la mitandao hiyo kwa sehemu kubwa liko nje ya mipaka, kwa wakoloni wa Kireno na makaburu, maadui wa ukombozi wa kusini mwa Afrika. Jambo hilo lisibezwe. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika ilikuwa na makao yake Dar es Salaam tangu mwaka 1963, na msomaji wa Iringa au Mbeya wa miaka ile aliona bomba la mafuta, na baadaye reli ya TAZARA, vikipita mikoani kwake kuelekea Zambia kwa sababu njia za kusini zilikuwa mikononi mwa adui. Kwake yeye hujuma kutoka ng'ambo haikuwa njozi ya mwandishi. Ila adui akishakuwa wa ng'ambo, ofisi za nyumbani zinapona. Msaliti wa ndani anaonekana kama mtu mmoja aliyepotoshwa na fedha za wageni, na maswali kuhusu ofisi iliyomlea hayaulizwi. Waandishi waliofuata, Ben Mtobwa na Joram Kiango wake miongoni mwao, walianza kuutazama zaidi mji wenyewe, usiku wake na matajiri wake, na nafikiri vijana wako wakizisoma riwaya hizi kwa mfululizo wa miaka wataliona jicho la mwandishi likirudi nyumbani hatua kwa hatua.

Kwa mfano wa riwaya inayoliuliza swali la ofisi waziwazi, ningekwenda kwanza Marekani, kwa Dashiell Hammett, ambaye kabla ya kuandika alikuwa mpelelezi wa kuajiriwa katika kampuni ya Pinkerton. Katika Red Harvest ya mwaka 1929, mji wa migodi umetawaliwa na magenge, na mkuu wa polisi ni mshirika wao. Hayo ni ya kawaida. Lisilo la kawaida ni maelezo ya jinsi magenge yalivyoingia: tajiri mwenye mgodi, benki na magazeti ya mji ndiye aliyewaalika majambazi wamsaidie kuvunja mgomo wa wachimbaji, na mgomo ulipovunjika wageni hawakuondoka. Genge halikuuvamia mji kwa nguvu zake. Lilikaribishwa na mtu mwenye heshima zake aliyekuwa na kazi chafu asiyotaka kuifanya kwa mkono wake. Na mwishoni, baada ya maiti nyingi kupita kiasi, mji unarudishwa mikononi mwa tajiri yuleyule. Mwambie mwalimu wa uraia asome kurasa za mwisho kwanza.

Lakini kitabu ambacho ningekaa nacho kwa muda mrefu zaidi ni cha Leonardo Sciascia, mwandishi wa Sicilia, kisiwa cha kusini mwa Italia ambako mafia ilizaliwa. Kinaitwa Il giorno della civetta, yaani Siku ya Bundi, nacho kilitoka mwaka 1961. Alfajiri moja mkandarasi mdogo, Colasberna, anapigwa risasi akirukia basi la kwenda Palermo. Basi limejaa abiria. Askari wanapofika, abiria wametoweka mmoja mmoja, na dereva na kondakta hawakumbuki hata sura moja. Muuza vitafunio aliyekuwa pale pale uwanjani anapohojiwa anauliza kwa mshangao kama kwani kuna risasi zilizopigwa. Ni mandhari ya kuchekesha, na wanafunzi wacheke, kisha uwaulize ni nani kati ya watu wale ni mhalifu. Hakuna. Hata hivyo, bila wao muuaji asingeweza kuua mchana kweupe kesho yake.

Sababu ya kifo ni kwamba kikundi cha ujenzi cha Colasberna kilikataa ulinzi, yaani kilikataa kuwalipa watu ili watu haohao wasikidhuru. Kapteni Bellodi, anayeipeleleza kesi, mgeni kutoka Parma kaskazini mwa Italia, anaielewa sababu hiyo mapema. Wengine wote wanamtaka aamini nyingine. Barua zisizo na jina zinamsukuma kwingine, na anapouawa mtu wa pili, aliyekuwa amemtambua muuaji akikimbia alfajiri ile, unavumishwa mkasa wa mapenzi: mke, hawara, wivu. Angalia ustadi wa mwandishi hapa. Ule mkasa wa nyumbani, ambao katika riwaya ya fumbo ungekuwa jibu, kwake ndio uongo unaotumiwa kulificha jibu. Mtoa habari wa polisi, mwoga kupindukia, anamwandikia kapteni majina mawili baada ya kujua kwamba yeye mwenyewe amekwisha kuhukumiwa na genge, na kweli anauawa. Katikati ya sura hizi mwandishi anapachika mazungumzo ya wakubwa wa Roma wasiotajwa majina, wanaohangaika jinsi ya kuizima kesi kwa kuwa mzee anayechunguzwa, Don Mariano, mkubwa wa mafia wa pale, anajuana na watu wa siasa. Bungeni serikali inatoa kauli kwamba mafia haipo. Mwishoni Bellodi yuko likizo kwao Parma anapopata habari kwamba watu wa heshima wameapa kuwa mtuhumiwa alikuwa mahali pengine siku ya mauaji, na kesi yote imeporomoka.

Kuna sehemu moja fupi katika riwaya hiyo ambayo kwangu ina thamani kuliko mashaka yake yote. Bellodi, akiwa amekwama, anawaza kwamba dawa si kuwatesa watuhumiwa wala kuwawekea sheria za hatari, bali kuzivamia benki, kuwaweka wahasibu hodari juu ya vitabu vya makampuni, na kulinganisha mali ya mtu na kodi anayolipa. Alikuwa na mfano wa Marekani, ambako Al Capone alifungwa mwaka 1931 kwa kukwepa kodi, si kwa mauaji. Italia ilichukua miaka 21 tangu riwaya ile kuipata sheria inayoliita genge la mafia kosa la jinai na kuruhusu mali zake kutaifishwa. Ilipitishwa Septemba 1982, baada ya Pio La Torre, mbunge aliyeipigania, na Jenerali Dalla Chiesa, aliyetumwa Palermo kupambana na mafia, kuuawa mwaka huohuo. Jaji Giovanni Falcone na wenzake wakazifuata hundi benki kwa benki, na katika kesi kubwa ya Palermo iliyoanza Februari 1986 zaidi ya watu 300 walitiwa hatiani. Falcone mwenyewe aliuawa kwa bomu Mei 1992. Nayasema haya ili mtu asidhani kwamba riwaya huja nyuma ya matukio daima na kuyapamba tu.

Sciascia anaeleza pia, katika maelezo yake mwishoni mwa kitabu, kwamba alitumia mwaka mzima akiifupisha hadithi hiyo, kwa kuwa hakuwa na uhuru kamili wa kuiandika. Mwalimu wa fasihi hapaswi kuliruka jambo hilo. Mandhari za Roma zina watu wasio na majina, na ukimya huo wa majina nao ni sehemu ya picha.

Sasa turudi nyumbani. Chukua sakata la EPA, la malipo ya madeni ya nje katika Benki Kuu. Katika mwaka wa fedha 2005/06, makampuni 22 yalilipwa shilingi bilioni 133 isivyostahili, mengine kwa nyaraka za kughushi, na matokeo ya ukaguzi yalitangazwa Januari 2008. Hakuna risasi iliyolia. Hakuna dirisha lililovunjwa. Vilikuwepo cheti cha kampuni, barua ya kuhamisha deni, na mtu wa kupitisha malipo. Mwandishi wa riwaya anayeutaka mkasa huo ana kazi ngumu, kwa sababu msomaji anataka maiti katika sura ya kwanza, na pengine ndiyo maana waandishi wetu wamevutwa zaidi na bastola kuliko vitabu vya hesabu.

Ujangili unaifaa riwaya zaidi, na ninyi wa Nyanda za Juu Kusini mko jirani nao kwa kuwa Hifadhi ya Ruaha iko mlangoni kwenu. Kati ya mwaka 2009 na 2014 tembo wa Tanzania walipungua kutoka takriban 109,000 hadi takriban 43,000, na Selous na Ruaha ndiko walikoangamia zaidi. Idadi hiyo haitokani na wawindaji wachache wenye njaa. Mpigaji risasi ni mtu wa mwisho katika mnyororo na ndiye anayekamatwa kwanza. Nyuma yake yuko anayempa bunduki na posho, dereva, mwenye ghala, mtayarishaji wa hati za mzigo, na mnunuzi. Februari 2019 Mahakama ya Kisutu ilimhukumu kifungo cha miaka 15 mfanyabiashara Yang Fenglan, aliyepewa na magazeti jina la Malkia wa Pembe za Ndovu, pamoja na Watanzania wawili, katika kesi ya vipande 860 vya meno ya tembo. Alikuwa na mkahawa unaojulikana Dar es Salaam, na miaka ya 1970 alikuja nchini kama mkalimani katika mradi wa TAZARA. Mwandishi angebuni maisha ya namna hiyo, mhariri angemwambia amezidisha chumvi.

Hapa ndipo riwaya inaposaidia kuliko taarifa ya habari. Gazeti linatueleza mtu amehukumiwa, na hesabu yake. Halitupi nafasi ya kukaa ndani ya kichwa cha karani aliyeombwa agonge muhuri, mwenye mtoto anayedaiwa ada, akijua kwamba bosi wake amekwisha kukubali na kwamba akikataa atahamishwa kituo. Ripoti ya Tume ya Warioba kuhusu rushwa, ya mwaka 1996, ilitofautisha anayepokea rushwa kwa sababu mshahara hautoshi na anayepokea kwa tamaa ya kujilimbikizia. Tofauti hiyo ni sahihi, lakini riwaya nzuri huonyesha jinsi wa pili anavyomtumia wa kwanza: kigogo anahitaji umaskini wa karani wake, na chai ya kwenye kizuizi cha barabarani ndiyo inayomfunga mdomo askari siku mzigo mkubwa unapopita.

Nisiseme uzuri tu. Riwaya za upelelezi zinadanganya katika mambo ambayo vijana wayajue mapema. Zinampa ushindi mtu mmoja shujaa, wakati kesi za kweli hushindwa au huokolewa na kundi la wakaguzi, waendesha mashtaka na mashahidi ambao hakuna atakayekumbuka majina yao. Zinaharakisha. Mwanafunzi aliyewahi kukaa katika mahakama yoyote ya wilaya anaifahamu kauli kwamba upelelezi bado haujakamilika na kesi imeahirishwa, na hakuna riwaya inayoweza kuivumilia kauli hiyo mara kumi. Zinamvisha mhalifu mkuu miwani myeusi, pombe kali na wasichana, ilhali mara nyingi yeye ndiye mgeni rasmi kwenye harambee. Na kubwa zaidi, baadhi huwasifu makachero wanaopiga na kuua watuhumiwa kwa kuwa msomaji amekwisha kuambiwa kwamba ni wabaya. Hapo mkaseme bila kumung'unya kwamba askari wa namna hiyo amekwisha kuwa sehemu ya tatizo.

Kwa klabu yako, ningeacha mjadala wa nani kaua uishe haraka, kisha wanafunzi wairudie hadithi wakiandika kila karatasi inayotajwa humo: tiketi, hati, barua, cheki, kitabu cha wageni, na jina la aliyeitia sahihi. Baada ya hapo watunge hadithi yao wenyewe kwa mambo wanayoyaona. Mnaishi kando ya Sao Hill, shamba kubwa kuliko yote ya miti ya Serikali nchini. Wabuni lori la mbao linalokutwa na hati ya kusafirishia iliyokwisha kutumika jana, kibali cha uvunaji chenye idadi ndogo kuliko visiki vilivyoko porini, na mlinzi wa kizuizi aliyeacha kazi ghafla na kufungua duka Makambako. Kachero wao aanzie wapi? Wengi watamfuata dereva. Atakayetaka kwanza kuona kitabu cha vibali ameelewa somo. Wenzenu wa Tunduma wangetunga kwa njia za panya za kuingilia Nakonde, ng'ambo ya mpaka wa Zambia, na wangekutana na swali lilelile, kwamba njia inayojulikana na kila mtoto wa mji inawezaje kuwa ya siri kwa mwenye kazi ya kuilinda.

Majina ya watu halisi, ofisi halisi na namba za magari yasiingie katika hadithi hizo. Uvumi ukiandikwa na mwanafunzi unaweza kumletea matatizo yeye, na unaweza kumdhulumu asiye na hatia. Akiwepo kijana anayejua jambo la kweli, hapo si kazi ya fasihi tena. Ipo Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015, na mwalimu wa uraia awaeleze inavyosema.

Kuhusu wazazi, wana hoja kwa sehemu. Baadhi ya riwaya hizi zina mandhari za kitandani na za mateso zisizofaa kusomwa kwa sauti mbele ya darasa, na kuzitetea zote kwa pamoja kutakufanya ushindwe. Anza na Mzimu wa Watu wa Kale, ambayo haimkwazi mtu, ufuatie na Kufa na Kupona ukiisoma wewe kwanza, na kisa cha basi la Palermo uwasimulie kwa mdomo. Waalike wazazi siku ya kisa hicho.